Mtoto Aliyesamehewa Shule

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, mazungumzo ya leo nayaanza kwa kukiri kosa. Ni kosa la zamani, lina zaidi ya miaka 40, na niliyemkosea hatayasikia maneno haya. Kwa nini hatayasikia, utaelewa mbele ya safari.

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la tatu katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Mkoa wa Tabora. Sisi ndio tulioitwa watoto wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote iliyotokana na Azimio la Musoma la Novemba 1974. Darasa letu lilikuwa na watoto zaidi ya 90, madawati 12, na mwalimu mmoja kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemaliza darasa la saba miaka michache tu nyuma, akafundishwa ualimu huko huko vijijini. Simlaumu. Nchi ilitaka kusomesha watoto wote kwa haraka, na walimu hawaoti kama uyoga.

Mimi nilikuwa monita. Mliosoma shule za aina yetu mnaijua kazi hiyo. Mwalimu akitoka, monita husimama mbele na kipande cha karatasi, akaandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu akirudi huisoma orodha, na kila jina lina malipo yake: viboko viwili, au vinne kama jina limewekewa msalaba, maana yake huyo amezidi. Katika orodha yangu kulikuwa na jina moja ambalo halikukosekana.

Mwenye jina hilo alikuwa jirani yetu. Aliketishwa nyuma kabisa kwa sababu alikuwa mrefu. Alikuwa na tabia ya kuguna, sauti ya chini chini kama ya nyuki ndani ya mzinga, na kugongagonga mguu chini ya dawati. Darasa zima likinyamaza, yeye anaendelea. Namkodolea macho, namwonyesha karatasi, yeye ananitabasamia. Mimi niliona ni dharau. Naweka msalaba.

Kumbe hasikii. Alipokuwa na miaka minne hivi aliugua homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini masikio hayakupona. Kwao walijua. Hata sisi watoto tulijua, kwa namna watoto wanavyojua mambo, maana tulimwita bubu, na tukimhitaji tulimrushia kijiwe mgongoni ageuke. Lakini ya uwanjani yalibaki uwanjani. Ukishaingia darasani, kila mtu alihesabiwa kuwa na masikio. Mwalimu alisema huku ameelekea ubaoni, akageuka ghafla na kumwuliza swali. Jibu lisipokuja, fimbo ilikuja.

Muhula wa pili hakuonekana tena.

Enzi zile utoro ulikuwa jambo zito. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilitaka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe na asiache shule mpaka amalize, na mzazi mkaidi alikuwa na la kujibu. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Siku walipofika kwa jirani yetu mimi nilikuwepo, kwani mwalimu alinituma niwaonyeshe njia, nikiwa na daftari la mahudhurio kwapani. Baba yake akatoka, akasema, "Huyu wangu hasikii." Mwenyekiti wa kijiji akamwita mtoto, akamsemesha, akamsemesha tena. Kimya. Akatikisa kichwa kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli, akasema, "Basi mzee, huyu tumsamehe. Asisumbuliwe." Kesho yake mwalimu akapiga mstari mwekundu juu ya jina lake. Nasi siku ile tukaendelea hadi nyumba ya pili, ambako mzee mwingine alitozwa faini kwa sababu ya mtoto mwenye masikio mazima.

Nimelitafakari neno lile kwa miaka mingi. Tumsamehe! Hakufukuzwa, wala hakukatazwa. Alisamehewa shule kama mtu anavyosamehewa deni. Na wote tuliokuwepo pale tulirudi makwetu tukijiona ni watu wema.

Kinachonichoma zaidi nilikuja kukifahamu nikiwa mtu mzima. Katika mji wa Tabora, safari ya siku moja kwa lori la tumbaku, palikuwa na shule ya watoto viziwi tangu mwaka 1963, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki. Siku ile tunasimama uani kwa jirani yetu, shule hiyo ilikuwa na umri wa miaka 16. Mwenyekiti hakuijua, na kama mwalimu aliijua, hakusema. Baba mtu aliyekuwa akiuza tumbaku mjini kila mwaka hakuwahi kuambiwa. Vivyo hivyo kule Buigiri, Dodoma, shule ya watoto wasioona ilikuwepo tangu mwaka 1950, na sijui ni watoto wangapi wa Ugogo waliozeeka wakishikwa fimbo na wajukuu, kilomita chache kutoka hapo.

Msikilizaji, najua utaniambia kwamba hayo ni ya kale. Ni kweli mengi yametokea tangu hapo. Juni 1994, katika mji wa Salamanca huko Hispania, wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikubaliana kwamba shule ya kawaida, ile iliyo karibu na nyumbani, ndiyo impokee kila mtoto, naye mwenye ulemavu akiwemo. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wizara ikaandika mkakati wa elimu jumuishi wa mwaka 2009 hadi 2017, ikaandika mwingine, ikaandika na wa tatu. Ada za shule za msingi zilikwisha kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 elimu ikatangazwa kuwa bila ada mpaka kidato cha nne. Kwenye makaratasi, hakuna mtoto anayesamehewa tena.

Lakini mimi natoka kijijini, na kijijini narudi. Msamaha ungalipo, ila umebadili sura. Siku hizi hautamkwi.

Mwandikishaji anapita kuhesabu watoto wa kuanza shule. Anahesabu wale waliokimbilia kumwona. Yule aliyelazwa chumba cha nyuma hahesabiwi, na bibi yake hamtaji, kwa sababu hakuulizwa. Huo ni msamaha. Mtoto mwingine miguu yake ni dhaifu, shule iko kilomita sita, katikati kuna korongo linalojaa maji masika. Mama alimbeba mgongoni darasa la kwanza. Darasa la pili mtoto amekuwa mzito na mama ana mwingine tumboni. Hakuna aliyesema aache, lakini aliacha. Mwingine amepokelewa vizuri, akaketishwa pembeni akachora chora, na kila mwaka anapandishwa darasa kama furushi linalopandishwa juu ya basi. Akifika darasa la saba, mwalimu mkuu anaanza kuhesabu wastani wa shule, na mzazi anaitwa kwa upole kuambiwa kwamba huyu mtoto labda asihangaishwe na mtihani. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza zile shule kumi bora tangu matokeo ya mwaka 2022, na ni vema, ila hofu ya wastani haijahama ofisini kwa mwalimu mkuu.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Wengi katika hao ni wazee, macho yamechoka na magoti pia, kwa hiyo tusiigawe hesabu hiyo darasani moja kwa moja. Hata hivyo, ukienda katika shule ya kijiji yenye watoto mia nane, ukamwuliza mwalimu mkuu ana wanafunzi wangapi wenye ulemavu, akakujibu "wawili", basi maswali yawe mengi.

Sasa hii elimu jumuishi ni kitu gani hasa? Wenzetu wa Zanzibar husema elimu mjumuisho, na neno lolote utakalolichukua, watu wengi wa mjini wanadhani maana yake ni kumchukua mtoto mwenye ulemavu na kumtia katika darasa la wengine. Hapana. Jirani yangu wa mwaka 1979 alikuwa ametiwa darasani pamoja na wengine. Alikuwa mbele ya macho ya mwalimu kila siku, na hakuna siku aliyokuwa ndani ya somo. Kinachotakiwa kubadilika ni darasa lenyewe, na mabadiliko mengine hayahitaji mfadhili wala semina ya hotelini. Mwalimu aandike kwanza, halafu ageuke, ndipo aseme, ili mtoto asiyesikia vizuri aone mdomo. Aliyeandika ubaoni asome kwa sauti, ili mtoto asiyeona vizuri asikie kilichoandikwa. Mrefu asipelekwe nyuma kwa sababu ya urefu wake kabla hajapimwa macho na masikio. Kupima huko kwa kuanzia ni jambo dogo: simama hatua kadhaa nyuma ya mtoto, mwite kwa sauti ya kawaida, uone kama anageuka. Watoto wengi wa kwetu wana masikio yanayotoa usaha mwaka mzima, ugonjwa ambao zahanati ingeutibu mapema, lakini mama anaambiwa na majirani kwamba utakwisha wenyewe mtoto akikua. Anakua, usaha unakwisha, na usikivu nao umekwisha.

Au chukua choo. Huwezi kuamini ni watoto wangapi wanaoacha shule kwa sababu ya choo. Mtoto anayetambaa hawezi kutambaa kwenye choo kinachotumiwa na watoto mia nne. Atajizuia asinywe maji toka asubuhi, atajizuia, halafu siku moja atashindwa, wenzake watamcheka, na hapo ndipo elimu yake imeishia. Mlango mpana kidogo, mteremko wa saruji badala ya ngazi mbili, na bomba la kushikilia ukutani. Fundi wa kijiji anaweza kuvijenga vyote hivyo pamoja na jengo kama ataambiwa kabla hajaanza. Akiambiwa baadaye, itabidi avunje, na kuvunja hakuna bajeti.

Nisiwadanganye kwamba yote ni rahisi hivyo. Serikali yenyewe ilijiwekea kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Mwalimu mwenye watoto 104 hana jicho la kumtazama mmoja mmoja. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kimekuwa kikitoa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi, lakini mwalimu wa namna hiyo akipangwa kijijini anafika peke yake na cheti chake, anapewa hisabati darasa la tano, sayansi darasa la sita na zamu ya juma, kwa sababu hakuna mwingine. Mwaka wa pili anaomba uhamisho. Shule ya kwetu ilipata mmoja. Alikaa miezi 14.

Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1984 kuweka vituo vya kupima watoto wilayani, mahali ambapo mzazi anampeleka mtoto aambiwe tatizo ni nini na shule ipi inamfaa. Bila kituo cha namna hiyo, mzazi wa kijijini anapimiwa mtoto wake na jirani, na jirani ana maneno mawili tu: bubu au mjinga. Hata lugha yetu tukufu ina la kujibu hapa. Imewapanga kiziwi, kipofu, kiwete na kilema katika ngeli moja na kiti na kijiko. Ingawa, kwa haki, kiongozi naye yumo humo humo.

Kuna swali ambalo wasikilizaji wameniuliza mara nyingi: kwa nini tusijenge shule maalumu nyingi, watoto hawa wakae bweni, wapate walimu wao na vifaa vyao, kuliko kuwahangaisha katika shule za kawaida? Swali hili nililijibu kwa wepesi zamani. Siku hizi silijibu kwa wepesi.

Juni mwaka jana nilikwenda kijijini msibani. Yule jirani yangu yuko hai. Ni fundi seremala, na mbao za mninga anazijua kuliko mtu yeyote wa pande zile. Zamani alichoma tumbaku kwenye mabani ya watu, baadaye akajifunza useremala kwa kumtazama fundi mmoja kwa miaka mitatu bila kuambiwa neno. Ana mke na watoto. Tulikaa naye mchana mzima. Ana ishara zake, na familia yake inazifahamu, nami nilizikumbuka baadhi: mvua, njaa, bei, ugonjwa, mbao nzuri, mtu mwongo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiandika jina lake, na kwamba nimejuta. Nilijaribu. Nilionyesha kuandika, nilionyesha fimbo, nilijionyesha mimi. Akafikiri nataka nimwandikie barua, akanionyesha kwa heshima kwamba hana wa kumwandikia.

Ishara alizojitungia nyumbani zinatosha kwa mbao na mvua. Hazifiki mwaka 1979. Mazungumzo haya ya leo hatayasikia, na gazeti litakaloyachapa hawezi kulisoma.

Kwa hiyo sitasema shule za viziwi zifungwe. Mtoto asiyesikia anahitaji lugha ya alama, na lugha haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Ukimweka kiziwi mmoja peke yake katikati ya watoto mia wanaosikia, na mwalimu asiyejua hata ishara kumi, hujamjumuisha. Umemtenga hadharani. Laiti angepelekwa Tabora mwaka ule, leo angekuwa na Lugha ya Alama ya Tanzania, angekuwa na wenzake, na mimi ningekuwa na njia ya kumwomba radhi. Huo ni upande mmoja.

Upande wa pili niliukuta kwenye msiba ule ule. Dada yangu ana mjukuu wa kike, miaka minane, yuko darasa la pili, ana ualbino. Msikilizaji unajua tulikotoka. Tangu mwaka 2007 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi katika Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi, watoto wengi walikusanywa kwenye shule zenye mabweni ili walindwe: Buhangija kule Shinyanga, Mitindo kule Misungwi, Kabanga kule Kasulu. Walilindwa, na hilo si dogo. Lakini wapo waliofikishwa wakiwa wadogo sana, na wazazi wakaacha kuja. Na hata kabla ya hapo, kwa miaka mingi, watoto wenye ualbino walipelekwa shule za wasioona wakafundishwa kusoma nukta nundu kwa vidole, ilhali wengi wao macho yao yanaona maandishi yakisogezwa karibu. Mtoto anayeona anafundishwa upofu! Huko nako ni kusamehewa, kwa gharama ya serikali.

Baada ya matanga, ukoo ulikaa kikao. Mdogo wangu, ambaye ni mfanyabiashara mjini, alitoa hoja kwamba mtoto apelekwe bweni, mbali, na gharama tuchange sisi tulio mjini. Nami niliunga mkono. Nasema kweli, niliunga mkono haraka sana, kwa sababu nilikuwa na woga na nilikuwa na nauli. Ni rahisi kwetu sisi watu wa mjini kutatua jambo kwa nauli.

Mama wa mtoto, binti wa dada yangu, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mjomba, nimewasikia. Lakini mwalimu wake yuko hapo nje, amekuja kutupa pole. Mwulizeni kwanza kama mwanangu anashindwa shule, au shule inamshinda."

Mwalimu akaitwa. Ni mama wa makamo, mwalimu wa kawaida, aliyewahi kuhudhuria semina ya siku tatu basi. Ndiye mwenye darasa la watoto 104 nililolitaja. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Huyu mtoto anaona. Anaona karibu. Nilimkuta amekaa dirishani, jua linampiga machoni, nikadhani ni mzito wa kichwa. Nilipomsogeza mbele upande wa kivuli, katika juma moja nilimfahamu mtoto mwingine. Shida yake sasa ni shingo. Kitabu kiko chini kwenye dawati, naye anainama mpaka pua inagusa karatasi, baada ya nusu saa anaumwa anaacha." Akamwita mtoto, akampa kitabu, tukaona wote alivyokunjama. Akaendelea kusema juu ya kofia pana na mikono mirefu, na kwamba watoto wengine walikuwa wakimwogopa lakini sasa wanagombea kukaa naye kwa sababu anajua kuhesabu. Akatuambia pia kwamba kama ataandikishwa ipasavyo kwenye fomu za mtihani, Baraza la Mitihani huchapa karatasi zenye maandishi makubwa na kuongeza muda. Asipoandikishwa hivyo, ataletewa karatasi kama ya wengine, na hakuna atakayejua mpaka siku yenyewe. Katika kikao kile cha watu waliosoma, hakuna aliyekuwa akilijua hilo.

Mdogo wangu akauliza juu ya usalama, na alikuwa na haki ya kuuliza. Hapo kikao kilirefuka mpaka usiku. Mzee mmoja wa sungusungu alikuwepo. Alisema njia ya kwenda shule ina nyumba 23, akazitaja kwa majina ya wenyewe, akaeleza nani atakuwa na kazi gani, na kwamba mtoto hatatembea peke yake hata hatua moja, asubuhi wala jioni. Mdogo wangu hakuridhika. Mimi niliridhika nusu. Usiku ule sikupata usingizi, na mpaka leo simu ya kutoka kijijini ikilia wakati usio wa kawaida moyo wangu hushtuka. Tuliamua abaki, na mwisho wa kila muhula tutakaa tena tuangalie. Inawezekana siku moja tutamhamisha. Kama tutamhamisha, iwe ni kwa sababu tumeshindwa kumlinda, tuseme hivyo wazi, tusiseme kwamba ndiyo elimu inayomfaa.

Nanyi mlio mijini mnaonisikiliza, niwaombe jambo moja. Sisi tuna kamati za harusi zinazokaa miezi mitatu, zenye mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, na ahadi zinafuatwa mpaka senti ya mwisho. Katika ukoo wako yupo mtoto ambaye jina lake halitajwi mkipigiana simu. Uliza habari zake. Uliza kwa jina. Uliza anasoma darasa la ngapi, anakaa dawati gani, mwalimu wake ni nani, na mara ya mwisho alipimwa lini macho au masikio. Ukijibiwa "huyo yupo tu", ujue amesamehewa.

Nimalizie habari ya kijijini. Wakati wa kikao kile, jirani yangu fundi alikuwa amekaa uani na wanaume wengine, haelewi kinachosemwa, lakini aliona mtoto alivyoinama juu ya kitabu. Asubuhi yake, nikiwa nafunga mzigo, alikuja na kitu amekibeba kwapani. Kilikuwa kibao cha mninga, kimesimamishwa kwa miguu miwili ya nyuma, na chini kina ukingo wa kuzuia kitabu kisiteleze. Akakiweka mezani, akamketisha mtoto, akapima kwa shubiri kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye ukurasa. Kikawa chini kidogo. Akakiondoa, akakipunguza miguu ya mbele kwa msumeno pale pale, akakirudisha. Mtoto akasoma amenyoosha shingo.

Nikatoa fedha. Akazirudisha mfukoni mwangu. Kisha akaelekeza kidole upande wa shuleni, akainua kiganja na kukigeuza, ishara yake ya kuuliza: wangapi?

Sikujua. Nilimwita mwalimu, naye akasimama akihesabu darasa moja moja kichwani, darasa la kwanza, la pili, mpaka la saba, kwa muda ambao gari lililokuja kunichukua lilipiga honi mara mbili. Halafu akamwonyesha fundi vidole sita.